Ukijua Eneo la Pembetatu Pekee, Pande Bado Hujazijua

Kwa magrupu ya WhatsApp ya mashamba huku kwetu, kuanzia Nakuru mpaka Kisumu na kuendelea hadi Vihiga na Kakamega, kuna swali moja hurudi kila mara na kila likirudi linaleta mabishano. Mtu anaandika kwamba ameonyeshwa ploti ya kona, imekaa pembetatu, kwa karatasi imeandikwa hekta 0.06, na sasa anataka kujua kila upande ni mita ngapi ndio aende kununua waya na posti za fensi. Majibu yanajaa haraka. Mmoja anasema fensi yote ni mita 112, mwingine anasema 120, mwingine anasema jamani hiyo haiwezi kukosa kufika 200, na kila mmoja ameweka hesabu yake hapo, na ukiipitia hesabu yenyewe unapata haina kosa hata moja.

Sasa inawezekanaje watu watatu wapige hesabu sawasawa na wapate majibu matatu? Inawezekana kwa sababu kila mmoja amejiongezea kitu ambacho muulizaji hakusema. Huyu amedhani pande zote ni sawa, yule amedhani kuna kona ya pembe mraba (digrii 90, kama kona ya kitabu), na wa tatu anajua ploti za kando ya barabara venye huwa nyembamba. Eneo peke yake halitoshi kukupa pande za pembetatu, na hapa nataka tuone kwa nini, halafu tuone ni kitu gani ukikiongeza kinatosha na ni kipi kinaonekana kutosha na hakitoshi. Na hizi pembetatu zitazidi kuonekana, manake barabara ikipanuliwa ama ikichorwa mpya, kama hii ya Rironi hadi Mau Summit inayopita Nakuru, inaweza kukata mashamba kwa mshazari na kuacha vipande vya kona.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Eneo ni ukubwa wa ardhi iliyo ndani ya mipaka. Hekta 1 ni mita mraba 10,000, kwa hivyo hekta 0.06 ni mita mraba 600, na ekari 1 ni kama mita mraba 4,047. Upande ni urefu wa mpaka mmoja, kutoka bikoni hadi bikoni, zile alama za mpaka. Mzingo ni pande zote ukizijumlisha, hiyo ndiyo fensi yako. Kitako ni upande wowote uliouchagua wewe, si lazima uwe wa chini kwa mchoro. Na kimo ni umbali wa kutoka kwa huo upande kwenda moja kwa moja, kwa pembe mraba, hadi kona iliyo ng'ambo.

Hapo kwa kimo ndipo pesa nyingi hupotelea kwa hivyo nikae hapo kidogo. Watu wengi wakisikia eneo ni nusu ya kitako mara kimo, wanachukua tepu, wanapima upande mmoja, wanapima upande ule mwingine ulioinama, wanazidisha, wanagawa kwa mbili na wanaandika. Ule upande ulioinama huwa kimo pale tu kona iliyo kati yao ni pembe mraba kamili. Chukua ploti yenye mita 40 mbele kwa barabara, na upande wa pembeni umeinama una mita 34, lakini kina chake cha kweli kutoka barabarani hadi kona ya nyuma ni mita 30. Eneo la kweli ni nusu ya 40 × 30, yaani 600. Ukitumia ule ulioinama unapata 680. Hizo mita mraba 80 hazipo popote pale na kuna mtu ameshazilipia.

Sasa turudi kwa 600 yetu. Kama nusu ya kitako mara kimo ni 600, basi kitako mara kimo ni 1,200. Ni namba gani mbili ukizizidisha unapata 1,200? 30 na 40. Na pia 20 na 60, na pia 100 na 12, na pia 200 na 6, na ukianza kuweka pointi hazina mwisho. Ni kama mtu akwambie ametumia shilingi 600 pale soko la Kibuye halafu akuulize alinunua samaki wangapi na nyanya ngapi, wewe uko na jumla tu, na jumla moja hiyo imeweza kutoka kwa vikapu vingi tofauti. Kwa pembetatu kuna vitu vitatu havijulikani, pande tatu, na wewe umepewa namba moja.

Ukichora hizo pembetatu unaona vizuri. Ile ya 30 kwa 40 yenye kona ya pembe mraba, upande wake wa tatu ni 50, fensi ni mita 120, ndiyo jibu la yule wa pili kwa grupu. Ile yenye kitako 100 na kimo 12, tuseme kona ya nyuma iko katikati kabisa, pande zake mbili zinakuwa kama mita 51.4 kila moja, fensi inafika karibu 203. Na ile ya 200 kwa 6 inapita 400, hiyo ni kama utepe wa shamba, hata trekta haiwezi kugeuka ndani, na bado kwa karatasi ni hekta 0.06 ile ile. Upande wa chini kuna mpaka: pembetatu ya mita mraba 600 haiwezi kuwa na fensi fupi kuliko kama mita 111.7, na hiyo ni ile yenye pande zote sawa. Upande wa juu hakuna mpaka. Kwa hivyo mtu akikupigia bei ya fensi kwa kusikia ekari peke yake, anakisia.

Basi unahitaji kuongeza nini? Inategemea, na hapa ndio utamu wa hii hesabu uko.

Njia rahisi kabisa ni kujua umbo. Ukiambiwa pande zote tatu ni sawa, eneo ni karibu 0.433 mara upande mara upande, basi unageuza tu: 600 gawa kwa 0.433 unapata kama 1,386, bonyeza kipeuo cha pili, ile skwea ruti kwa kalkuleta, unapata mita 37.2. Mara tatu ni hiyo 111.7, ambayo yule wa kwanza aliandika 112. Ama uambiwe pande ziko kwa kipimo cha 3 kwa 4 kwa 5, ile ambayo mafundi wa nyumba hutumia kunyoosha kona za msingi kwa kamba. Pembetatu ndogo ya mita 3, 4 na 5 ina eneo la mita mraba 6. Yetu ina 600, ni mara 100. Wengi hapa wangekimbia kuzidisha pande kwa 100 na kupata mita 300, 400 na 500, na hilo ni shamba la mita mraba 60,000, hekta 6 nzima! Eneo hukua kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kwa urefu na kwa upana, kwa hivyo likikua mara 100 pande zimekua mara 10 tu, manake 10 × 10 ni 100. Pande ni 30, 40 na 50.

Hii imani ya kwamba ukiongeza pande mara mbili unapata shamba mara mbili iko kila mahali na inafaa ikome. Pande mara mbili ni shamba mara nne. Ukitaka shamba mara mbili lenye umbo lile lile, pande zinaongezeka mara 1.414 peke yake, yaani mita 50 inakuwa kama 70.7.

Sasa tuseme umbo hujui lakini upande mmoja umepima. Unajua mbele kwa barabara ni mita 40 na eneo ni 600. Kimo unakipata mara moja, 1,200 gawa kwa 40 ni 30. Hapo wengi wanafurahi wanadhani wamemaliza, lakini ulichopata ni kina cha ploti, pande mbili zilizobaki bado. Kona ya nyuma iko mita 30 kutoka barabarani, sawa, lakini iko mkabala na sehemu gani ya barabara? Inaweza kuwa nyuma kabisa ya bikoni ya kushoto, inaweza kuwa katikati, inaweza kuwa imesukumwa mbali ikaingia nyuma ya ploti ya jirani. Popote utakapoitelezesha kwa huo mstari ulio sambamba na barabara eneo linabaki 600, pande ndizo zinabadilika. Kwa hivyo eneo pamoja na upande mmoja bado haitoshi.

Kuna kesi ambapo upande mmoja unatosha, na moja naipenda sana. Ni pale unajua kuna kona ya pembe mraba na umepima ule upande mrefu unaoikabili, ule wa mshazari. Tuseme mshazari ni mita 50 na eneo ni 600. Kwa kanuni ya Pythagoras, 50 × 50 ambayo ni 2,500 ni sawa na upande wa kwanza mara wenyewe kujumlisha na wa pili mara wenyewe. Na 4 mara eneo ni 2,400. Jumlisha hizo mbili: 4,900, kipeuo chake ni 70, hiyo ni jumla ya zile pande mbili fupi. Zitoe: 100, kipeuo chake ni 10, hiyo ni tofauti yao. Namba mbili zenye jumla ya 70 na tofauti ya 10 ni 40 na 30. Basi, umemaliza, hakuna fomula ndefu.

Na hapo hapo unapata njia ya kugundua uongo. Ukiambiwa mshazari ni mita 50 na eneo ni mita mraba 700, 4 mara 700 ni 2,800 na huwezi kuitoa kwa 2,500 ubaki na kitu cha kutafutia kipeuo. Maana yake hiyo ploti haipo duniani, pembetatu ya pembe mraba yenye mshazari wa 50 haiwezi kupita mita mraba 625. Broka akikupa namba za hivyo, moja kati ya hizo mbili si ya kweli ama kona si ya pembe mraba, na unajua hata kabla hujapanda matatu ya kwenda Njoro kuangalia shamba.

Tufike sasa kwa ile ngumu kidogo, ambayo hata watu waliofanya vizuri shuleni huwa inawapita. Umepima pande mbili, eneo unalo kwa karatasi, upande wa tatu kuna kichaka cha miba ama jirani hakubali uingie na tepu. Pande mbili na eneo, si hiyo inatosha? Karibu itoshe. Tuseme zile pande mbili ni mita 50 na mita 50, na eneo ni mita mraba 1,200. Chukua upande wa kwanza kama kitako: 2,400 gawa kwa 50, kimo ni 48. Sasa ule upande wa pili wa mita 50 unapanda kutoka kona hadi huko juu kwa kimo cha 48, kwa hivyo kwa Pythagoras umejongea pembeni kwa kipeuo cha 2,500 toa 2,304, ambayo ni 196, kipeuo 14. Umejongea mita 14. Lakini umejongea kuelekea wapi? Kama umeinamia ndani, juu ya kitako, kutoka hapo hadi mwisho wa kitako zimebaki mita 36, na upande wa tatu ni kipeuo cha 36 × 36 kujumlisha 48 × 48, unapata 60. Kama umeinamia nje, hadi mwisho wa kitako ni 50 na 14, mita 64, na upande wa tatu unakuwa 80.

60 ama 80, na zote mbili ni za kweli. Pembetatu ya 50, 50 na 60 ina mita mraba 1,200, na ya 50, 50 na 80 pia ina mita mraba 1,200. Usiniamini mimi, kata karatasi ngumu vipande viwili vya pembe mraba vya sentimita 3, 4 na 5. Viunganishe kwa upande wa 4 unapata pembetatu ya 5, 5 na 6. Vitenganishe uviunganishe kwa upande wa 3 unapata ya 5, 5 na 8. Karatasi ni ile ile, haijaongezeka wala kupungua, basi eneo ni lile lile.

Wenye wanatumia ile fomula ya nusu ya upande mara upande mara saini (ile sin ya kalkuleta) ya pembe iliyo kati yao, ile ya sekondari, wajihadhari zaidi, manake kalkuleta inatoa jibu moja tu na inanyamaza. Hapa saini ni 0.96, kalkuleta itasema digrii 73.7, na haitakwambia kwamba digrii 106.3 ina saini hiyo hiyo. Dawa ni moja na haina gharama: nenda usimame kwa hiyo kona uangalie kama imefunguka kuliko kona ya kitabu ama imebana kuliko kona ya kitabu. Imebana ni 60, imefunguka ni 80. Tofauti ya mita 20 za fensi inaamuliwa na macho yako. Kesi moja pekee ndiyo haina utata, pale eneo limefika nusu ya upande mara upande kamili, hapa 1,250, manake hapo kona ni pembe mraba na hakuna ya kuchagua.

Na je ukijua eneo na mzingo, yaani muuzaji akwambie ni mita mraba 210 na fensi iliyopo imekula mita 70? Inaonekana kama habari nyingi sana hiyo. Pembetatu ya pande 20, 21 na 29 ina mzingo wa 70 na eneo la 210. Pembetatu ya 17, 25 na 28 pia ina mzingo wa 70 na eneo la 210. Ni ploti mbili tofauti kabisa, moja iko na pembe mraba na nyingine haina, na namba zote mbili ulizopewa zinalingana.

Ukiangalia vizuri utaona njia inapitika vizuri upande mmoja tu. Kutoka kwa pande tatu kwenda kwa eneo hakuna utata wowote, ukiwa na pande tatu pembetatu ni moja tu na haiyumbi. Heron wa Aleksandria, huko Misri karne ya kwanza, aliacha fomula yake ambayo bado inafunzwa: jumlisha pande ugawe kwa mbili, toa kila upande kwa hiyo nusu, zidisha zote nne yaani nusu yenyewe na yale mabaki matatu, halafu kipeuo cha pili. Kwa 17, 25 na 28 nusu ni 35, mabaki ni 18, 10 na 7, ukizidisha zote unapata 44,100 na kipeuo chake ni 210. Kutoka kwa eneo kurudi nyuma kwa pande ndipo njia inagawanyika mara nyingi. Ndio maana sarveya anapima mipaka kwanza, eneo analikokotoa baadaye.

Sasa kuhusu ile namba kwa hati miliki, tuiheshimu lakini tusiibebeshe mzigo usio wake. Hati nyingi zetu zimeandika wazi kwamba eneo ni la makadirio, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani ya usajili huonyesha mipaka ya makadirio tu, isipokuwa pale mipaka imepimwa na kuwekwa rasmi. Hekta 0.06 yaweza kuwa ni 0.055 iliyopandishwa ama karibu 0.065 iliyoshushwa, yaani kuanzia mita mraba 550 hadi 650. Hata kama ungejua ploti yako ina pande sawa, upande ungekuwa popote kati ya mita 35.6 na 38.7. Na hii desturi ya kuita ploti ya futi 50 kwa 100 moja ya nane ya ekari inaongeza mkanganyiko, hiyo ni futi mraba 5,000, na moja ya nane kamili ni 5,445. Kwa hivyo ukinunua kipande cha pembetatu omba vipimo vya pande zote tatu viandikwe kwa makubaliano, na bikoni zionyeshwe kwa ardhi. Mkibishana kuhusu mpaka, mtu wa kwanza kuendewa ni msajili wa ardhi.

Kuna jambo la mwisho, la kugawana, kwa sababu pande za Vihiga na Kakamega mashamba yameshagawanywa mpaka yakawa vipande na mara nyingi kinachobaki ni pembetatu. Baba ana shamba la pembetatu, vijana ni wawili, kila mtu apate nusu. Ukipiga mstari kutoka kona ya nyuma hadi katikati ya upande wa barabarani, kila mmoja anapata nusu kamili, kwa sababu vitako ni sawa na kimo ni kimoja. Fensi zao zinaweza kutofautiana na hiyo isilete kesi, eneo ni sawa. Wakiwa watatu gawa huo upande wa barabarani mara tatu sawa na upige mistari miwili kutoka kona ile ile. Makosa huja pale wazee wanataka kukata kwa mstari ulio sambamba na barabara na wanapita katikati ya kina. Yule wa nyuma anapata robo tu, manake pande zake zote ni nusu ya zile za mwanzo na nusu mara nusu ni robo, na ndugu yake amebaki na robo tatu. Ili iwe nusu kwa nusu mstari unapita kwa 0.707 ya kina ukipima kutoka ile ncha ya nyuma, kwa shamba la kina cha mita 60 hiyo ni karibu mita 42.4, wa mbele anabaki na mita 17.6 za kina lakini ana upana mkubwa. Mimi ningechagua ile ya kwanza, ya kutoka kwa kona, manake inampa kila mmoja mlango wake wa barabarani na hakuna atakayehitaji kuomba njia.